Kijiti cha chuma kinachoamua kama nyumba italala na joto

*Tanuri la gesi likiwaka sekunde chache kisha likazimika, mara nyingi gesi haina kosa. Kihisi cha moto kimeshika utando. Hatari kubwa huja pale familia inapoanza kutafuta joto kwingine.*

Na Mwandishi Wetu

Ni usiku wa manane, mwezi wa Januari, Brooklyn Park, kitongoji cha kaskazini mwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota. Nje theluji imeganda na kipimajoto kinasoma nyuzi 20 chini ya sifuri. Chini ya nyumba, katika chumba cha mashine, tanuri la gesi linaanza zamu yake. Feni ndogo inavuma. Kiwashio kinaiva mpaka kinang'aa rangi ya chungwa. Gesi inaingia, unasikika mvumo mfupi, na moto wa buluu unakimbia kutoka kichomeo cha kwanza hadi cha mwisho.

Sekunde kumi haziishi. Vali inajifunga kwa mlio mdogo wa chuma na moto unazimika.

Mashine inatulia, kisha inaanza upya: feni, kiwashio, gesi, moto, giza. Ikishajaribu mara kadhaa bila mafanikio inajifungia, na taa ndogo kwenye bodi yake ya umeme inaanza kupepesa kwa hesabu maalumu. Ghorofani, thamostati iliyowekwa nyuzi 21 inasoma 16, na joto linazidi kushuka.

Fundi mzoefu akisimuliwa dalili hizi kwa simu tu, anajua pa kuanzia. Gesi ipo, kwa kuwa moto uliwaka. Kiwashio ni kizima, vali inafunguka. Kinacholeta mgogoro ni kijiti cha chuma chembamba kuliko penseli, kirefu kiasi cha kidole, kilichoshikiliwa na skrubu moja. Kazi yake ni kuithibitishia mashine kwamba gesi inayotoka inaungua kweli. Kimeshika utando, kwa hiyo kimeshindwa kuutambua moto unaokiunguza, na mashine imefunga gesi kama ilivyoagizwa.

Kijiti hicho kinaitwa kihisi cha moto. Kukisafisha ni kazi ya dakika chache. Lakini katika nyumba nyingi hakuna aliyewahi kukigusa tangu tanuri lilipofungwa.

Habari hii inawahusu wasomaji wetu kuliko inavyodhaniwa. Viunga vya Minneapolis vina jamii kubwa ya Wakenya. Kati ya mwaka 2016 na 2024 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa mara kadhaa nchi ya kwanza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao wanazungumza Kiswahili, wakitokea kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale. Wamepelekwa Kentucky, Iowa, Ohio, Idaho, Michigan. Mtu aliyekulia Uvira, Kigoma au Mombasa hakuwahi kuhitaji mashine ya kupasha nyumba joto, na mara nyingi hukabidhiwa funguo bila kuonyeshwa mashine hiyo ilipo.

Lita 37 kila dakika

Ili kuelewa kwa nini tanuri lina woga wa namna hii, tuanze na kiasi cha gesi linachomeza.

Tanuri la kawaida la nyumba ya familia lina nguvu ya kama kilowati 23. Kwa nguvu hiyo linachoma takriban lita 37 za gesi asilia kila dakika, yaani zaidi ya mita 2 za ujazo kwa saa. Gesi hii inaweza kulipuka ikiwa imechanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15. Ikiwa pungufu haiwaki, ikizidi haiwaki, lakini hapo katikati cheche ya swichi ya taa inatosha.

Chukua chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 2.5. Kama vali itabaki wazi huku moto umezimika, gesi itahitaji kama nusu saa kukifikisha chumba kizima kwenye kiwango cha hatari. Ndani ya sanduku la tanuri lenyewe, ambamo nafasi ni ndogo na kiwashio cha moto mkali kiko hapohapo, muda huo ni mfupi mno. Ndiyo maana wahandisi hawakutaka kumwachia mtu kazi ya kuchungulia kama moto unawaka. Anaweza kuwa amelala, au hayupo.

Kwa hiyo kanuni iliyowekwa ni moja na haina huruma: bila ushahidi wa moto, hakuna gesi. Mashine haidhani wala haingoji kuona itakuwaje. Ushahidi ukikatika kwa sekunde moja hivi, vali inafungwa.

> Kanuni ni moja: bila ushahidi wa moto, hakuna gesi.

Kazi ya zamani ya metali mbili

Matanuri ya zamani yalikuwa na njia nyingine. Ndani yake kulikuwa na kimoto kidogo kilichowaka usiku na mchana, kiangazi na baridi, kikisubiri kuwasha vichomeo vikubwa. Karibu na kimoto hicho palikuwa na ncha ya thamokapo, kifaa kilichojengwa juu ya jambo aliloligundua mwanafizikia Thomas Johann Seebeck mwaka 1821: ukiunganisha metali mbili tofauti na kupasha joto kiungo chake, unapata umeme kidogo.

Umeme huo ni kama milivolti 30 tu. Lakini unatosha kushikilia sumaku ndogo iliyoacha vali wazi. Kimoto kikizimika, ncha inapoa, umeme unapungua, sumaku inaachia, springi inafunga gesi. Hakuna betri wala waya wa ukutani. Hata umeme wa mji mzima ukikatika, ulinzi unabaki palepale. Ni ubunifu ninaouheshimu sana.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye jiko la gesi lenye oveni anaijua thamokapo hata kama hajawahi kusikia jina lake. Ukiwasha oveni unatakiwa kubonyeza kitufe na kukishikilia kwa sekunde kadhaa. Ukiachia mapema, moto unazimika. Muda ule unaongoja ncha ya chuma ipate moto na sumaku ishike. Anayekereka na kumwambia fundi auondoe mfumo ule, wapo wanaofanya hivyo, anabaki na oveni itakayoendelea kumwaga gesi siku upepo wa dirishani utakapouzima moto.

Udhaifu wa thamokapo ni kwamba chuma hakipoi mara moja. Kati ya moto kuzimika na vali kufunga inaweza kupita nusu dakika, dakika moja, au hata zaidi. Tena kimoto kile cha kudumu kilikula gesi mwaka mzima. Viwango vya serikali ya shirikisho vilivyoanza kutumika Marekani mwaka 1992, vikitaka matanuri mapya ya gesi yafikie ufanisi wa angalau asilimia 78, viliharakisha kuondoka kwake. Matanuri yaliyofuata huwasha moto pale tu joto linapohitajika. Hapo ndipo kijiti kilipoingia.

Umeme unaopita ndani ya moto

Moto unapitisha umeme. Wengi hatufundishwi hivyo shuleni, lakini ndiyo msingi wa habari yote hii. Ndani ya moto wa gesi molekuli zinavunjika kwa joto kali, na mahali zinapovunjika panapatikana elektroni zilizo huru na ayoni zenye chaji. Ukiweka chuma kimoja ndani ya moto na kingine chini yake, umeme kidogo sana utapita kati yao kupitia miali yenyewe.

Bodi ya tanuri inapeleka kwenye kijiti volti za mkondo geu, ule unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Kijiti kimekaa ndani ya mwali. Upande wa pili ni vichomeo vyenyewe, ambavyo vimeunganishwa na waya wa ardhi. Kijiti ni chembamba, vichomeo vina eneo kubwa mara nyingi zaidi. Tofauti hiyo ya ukubwa ndiyo inayofanya kazi.

Elektroni ni nyepesi na zinakimbia. Ayoni chanya ni nzito na zinajikokota, kwa hiyo zinahitaji eneo pana la kupokelewa. Kijiti kinapokuwa chanya, elektroni zinakimbilia kwake na ayoni zinatua kwenye chuma kipana cha vichomeo. Umeme unapita vizuri. Mkondo unapogeuka, ayoni zinatakiwa zitue kwenye kijiti chembamba, na hapo nafasi haitoshi. Matokeo yake umeme unapita upande mmoja kuliko mwingine, kama hewa inavyopita kwenye vali ya tairi la baiskeli. Mkondo geu umeingia kwenye moto, na kilichotoka kina sehemu ya mkondo mnyoofu.

Bodi inatafuta mkondo huo mnyoofu tu. Kiasi chake ni kidogo ajabu. Katika tanuri lenye afya ni maikroampea 2 hadi 6 hivi, na maikroampea moja ni ampea iliyogawanywa mara milioni. Ukishuka chini ya 1, mashine nyingi zinaanza kusitasita.

Kwa nini wahangaike hivyo badala ya kupima tu kama umeme unapita? Jibu linaonyesha akili iliyotumika. Tuseme kauri inayoshikilia kijiti imepasuka na kijiti kimegusa bati. Umeme utapita, na kwa wingi, bila moto wowote. Kifaa kinachopima kupita kwa umeme peke yake kingedanganyika na kuacha gesi wazi. Lakini chuma kikigusana na chuma, umeme unapita sawasawa pande zote mbili, na mkondo mnyoofu haupatikani. Bodi inaona mkondo geu mtupu, inajua huo si moto, inafunga. Hata mtu akiunganisha waya kwa makusudi ili kuidanganya mashine, hafanikiwi kwa njia hiyo.

Mahali kijiti kilipo napo pamefikiriwa. Kiwashio huwekwa kwenye kichomeo cha upande mmoja, na kijiti kwenye kichomeo cha mwisho upande wa pili. Moto ukikifikia kijiti, maana yake umevuka vichomeo vyote vilivyo katikati. Kichomeo kimoja kikiziba kwa kutu na moto ukashindwa kuvuka, kijiti kitabaki kwenye giza na gesi itafungwa kabla haijajaa.

> Chuma kikigusana na chuma, bodi inajua huo si moto.

Utando mweupe usioonekana kirahisi

Kijiti kinachokaa ndani ya moto, mamia ya saa kila msimu, hakiwezi kubaki kisafi. Chuma chenyewe kinashika oksidi. Hewa inayovutwa na tanuri inakuja na vumbi, manyoya ya paka na mbwa, nyuzi za nguo kutoka kwenye mashine ya kukaushia iliyo chumba hichohicho. Mbaya zaidi ni silikoni. Dawa za nywele za kupuliza, vilainishi vya nguo na gundi za kuzibia madirisha vinaweza kutoa mvuke wenye silikoni, na mvuke huo ukipita motoni unaacha silika, jamaa wa kioo. Kioo hakipitishi umeme.

Utando huo unaweza kuwa mwembamba kiasi kwamba kijiti kinaonekana kizima kabisa. Fundi anayekiangalia kwa macho na kusema hakina tatizo hajafanya kazi yake. Kipimo ni mita ya umeme inayosoma maikroampea, iliyounganishwa kati ya kijiti na waya wake wakati moto unawaka.

Mwenye nyumba asiye na mita anaweza kusoma dalili kwa saa ya mkononi. Moto ukizimika ndani ya sekunde chache baada ya kuwaka, mshukiwa ni kijiti. Ukiwaka dakika kadhaa ndipo ukazimika huku feni kubwa ikiendelea kupuliza, mshukiwa ni chujio la hewa lililoziba. Joto limezidi ndani na swichi nyingine ya usalama imekata. Kiwashio kikikosa kabisa kung'aa, kijiti hakijafikiwa bado. Huenda bomba la kutolea moshi limefukiwa na theluji ukutani, na swichi ya mgandamizo imekataa kuruhusu safari ianze. Hilo la mwisho linatibiwa kwa koleo. Na mlango wa tanuri kwa ndani huwa na karatasi inayoeleza maana ya kila mpepeso wa ile taa ndogo. Isomwe kabla ya kupiga simu.

Msasa, waya au kifaa kipya?

Hapa ndipo watu wanapogawanyika.

Upande mmoja wako wanaosema kazi hii ni ya mwenye nyumba. Hoja yao ina nguvu. Unazima swichi ya umeme ya tanuri, ambayo mara nyingi inafanana na swichi ya taa, unafunga gesi, unafungua mlango wa bati, unachomoa waya mmoja, unafungua skrubu moja, unavuta kijiti nje. Unakisugua taratibu mpaka king'ae, unakipangusa kwa kitambaa kikavu, unakirudisha. Kulipa fundi zaidi ya dola 100 kwa kazi hiyo, wanasema, ni kutupa fedha.

Upande wa pili ni mafundi, na vitabu vya watengenezaji ambavyo karibu vyote vinataka mtu mwenye ujuzi akague tanuri kila mwaka. Wanasema kijiti ni mlango wa kuingilia tu. Kauri ikipata ufa mkononi mwa mtu asiyejua, tatizo linakuwa kubwa. Utando ukirudi baada ya wiki mbili, chanzo kiko kwingine: waya wa ardhi umelegea, vichomeo vina kutu, shinikizo la gesi limeshuka, au waya mbili za umeme zimegeuzwa. Anayesugua kila mwezi bila kuuliza kwa nini anaficha ugonjwa.

Hata wenyewe kwa wenyewe mafundi hawakubaliani kuhusu cha kusugulia. Wengine wanatumia msasa laini. Wengine wanaukataza, kwa sababu unaacha mikwaruzo ambayo uchafu utang'ang'ania, na punje zake nyingine zina asili ileile ya silika unayotaka kuiondoa. Hao wanapendelea waya laini wa chuma, ule mpya usio na sabuni wala mafuta ya sufuria. Nimewasikiliza wote na naegemea upande wa waya laini. Wote wanakubaliana kwamba mkono usibonyeze kwa nguvu, na vidole vyenye mafuta visiguse sehemu inayokaa motoni.

Kuna kundi la tatu, na kuhusu hili nitasema wazi. Wapo wauzaji wanaofika usiku wa baridi, wakaona tanuri linazimika, wakatangaza kwamba mashine nzima imekufa na inahitajika mpya kwa maelfu ya dola. Wakati mwingine wanasema kuna ufa kwenye chemba inayotenganisha moshi na hewa ya nyumba. Ufa huo upo kweli katika matanuri mengine na ni hatari. Kwa sababu hiyohiyo una haki ya kuonyeshwa kwa picha au kwa kamera, na haki ya kumwita fundi wa pili. Kihisi kipya, kama cha zamani kimechakaa, kwa kawaida hugharimu makumi ya dola tu. Familia ngeni, isiyoijua vizuri lugha ya muuzaji, yenye watoto wanaotetemeka, ndiyo rahisi zaidi kuambiwa isaini mkopo saa 5 usiku.

Jiko la mkaa halipaswi kuingia ndani

Sasa turudi kwa familia ya Brooklyn Park. Tuseme fundi ameiambia atafika kesho mchana.

Watu wa Njombe, Makete, Limuru na Arusha wanalijua jibu la zamani la baridi: jiko la mkaa linaingizwa chumbani, mlango unafungwa. Karibu kila msimu wa baridi wa huko tunasoma habari za waliolala hivyo na hawakuamka. Kilichowaua ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotokana na kitu kuungua bila hewa ya kutosha. Inang'ang'ania himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, anaona usingizi. Akilala, basi.

Nyumba za Minnesota zimezibwa barabara zaidi kuliko nyumba yoyote ya Njombe. Madirisha yana vioo viwili au vitatu, milango ina mpira. Jiko la mkaa ndani ya nyumba kama hiyo ni sumu ya haraka zaidi. Vivyo hivyo jenereta kwenye gereji, gari linalounguruma gereji ikiwa imefungwa, na oveni ya gesi iliyoachwa mlango wazi ipashe sebule joto.

Februari 2021 dhoruba ya baridi ilipoikumba Texas na umeme kukatika kwa mamilioni ya watu, zaidi ya watu 1,400 walikwenda kutafuta matibabu kwa sababu ya kaboni monoksidi. Wengi walikuwa wamewasha magari, jenereta na majiko ya nyama choma ndani ya nyumba au gereji. Katika mwaka wa kawaida, kwa takwimu za kituo cha taifa cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, gesi hii huua zaidi ya watu 400 kwa ajali zisizohusiana na nyumba kuungua, na kuwapeleka zaidi ya 100,000 kwenye idara za dharura za hospitali.

Ieleweke vizuri: kihisi cha moto hakinusi kaboni monoksidi. Kinajua tu kama moto upo au haupo. Moto mchafu, wa njano, unaotoa sumu, ni moto pia, na kijiti kinaweza kuukubali. Anayelinda upande huo ni king'ora cha kaboni monoksidi, kifaa tofauti kabisa, na sheria ya Minnesota inataka kiwepo ndani ya futi 10, yaani mita 3, kutoka kila chumba cha kulala. Kina umri wake. Tarehe ya mwisho imeandikwa mgongoni, na kikishapita muda huo kinaweza kubaki na taa inayowaka huku hakipimi chochote.

> Moto mchafu unaotoa sumu ni moto pia, na kijiti kinaweza kuukubali.

Gesi ya mabomba, kwa upande wake, inanuka, na harufu ile ina historia ya majonzi. Tarehe 18 Machi 1937, shule ya New London huko Texas ililipuka baada ya gesi iliyovuja kujaa chini ya sakafu. Wanafunzi na walimu karibu 300 walikufa. Gesi ile haikuwa na harufu, hivyo hakuna aliyejua. Baada ya hapo ndipo sheria zilipoanza kulazimisha gesi itiwe kemikali inayonuka kama mayai yaliyooza. Ukiinusa, usijaribu kuwasha tanuri tena, usiguse swichi yoyote, toka na watu wote na upige simu ukiwa nje. Kampuni ya gesi hutuma mtu hata usiku.

Joto ni haki ya mpangaji

Wengi wa wahamiaji ni wapangaji, na mpangaji hatakiwi kulala kwenye baridi akiogopa kumsumbua mwenye nyumba. Tangu Januari 2024 sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto halipungui nyuzi 68 za Farenhaiti, sawa na 20 za Selsiasi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Joto likikatika na mwenye nyumba asipochukua hatua, mahakama ina utaratibu wa dharura ambao mpangaji anaweza kuutumia. Ujumbe wa maandishi kwenye simu, wenye saa na picha ya thamostati, ni ushahidi mzuri.

Mpangaji asifungue tanuri la mwenye nyumba. Hilo liko wazi. Anachoweza kufanya ni kukagua chujio, kuangalia kama mlango wa bati umekaa vizuri, kwa maana ukilegea swichi yake inakata umeme wote, kuondoa theluji kwenye bomba la nje, na kuhesabu mipepeso ya taa. Akimwambia mwenye nyumba kwamba moto unawaka sekunde tano kisha unazimika, fundi atakuja na kifaa sahihi mkononi.

Kwa aliyenunua nyumba na kipato chake ni kidogo, upo mpango wa shirikisho wa kusaidia gharama za nishati, ulioanzishwa mwaka 1981 na kuendeshwa na majimbo. Minnesota huutumia pia kusaidia kutengeneza au kubadili matanuri ya wenye nyumba wanaostahili. Maombi huchukua muda, kwa hiyo ni kazi ya mwanzo wa vuli.

Kadhalika usafi wa kijiti. Septemba au mwanzoni mwa Oktoba mafundi wana nafasi, na tanuri likigundulika lina kasoro hakuna anayeganda. Siku hiyo chujio libadilishwe, vichomeo vipigwe brashi, eneo la tanuri liondolewe dawa za kufulia zenye klorini, ambazo mvuke wake ukiungua unageuka tindikali inayokula chuma. Kijiti kitolewe na kusuguliwa hata kama mashine haijalalamika.

Na kabla fundi hajafunga mlango wa bati, aombwe aunganishe mita yake na kusoma maikroampea moto ukiwa unawaka, kisha aiandike namba hiyo pamoja na tarehe kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa tanuri. Mafundi wazuri hufanya hivyo bila kuombwa. Mwaka unaofuata, atakayekuja, hata akiwa mwingine, ataona kama mkondo umeshuka kutoka 4 hadi 2, na atajua atafute nini kabla Januari haijafika.